Gunia la Debe Sita

Hapa Mikumi nina runinga ukutani. Nikiigusa, fumbo la hesabu linatokea na picha yake, na dada mmoja mwenye Kiswahili cha redioni analisoma taratibu, mara mbili. Watoto wa madereva wa malori, wa wenye nyumba za wageni na wa wakulima wa huku pembeni wanasikiliza, wanahesabu, wananyoosha mikono. Nyani wakipita karibu na dirisha hakuna hata anayegeuza shingo. Kila kitu kinakwenda kama kinavyotakiwa, na mkaguzi akija anaondoka ameridhika. Nami, kwa ukaidi wangu, bado nalililia shuka.

Shuka lilikuwa langu, jeupe, lenye maua ya bluu pembeni. Nililipeleka shuleni Mabwerebwere, pale Kilosa, nilikofundisha darasa la nne kwa miaka mingi kabla ya kuhamishiwa huku. Walimu tulikuwa tumegawiwa vishikwambi, kimoja kwa kila mwalimu, na shule ilikuwa imepata projekta moja kutoka kwa wafadhili. Projekta ile ilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu ndani ya boksi lake, ikiheshimiwa kuliko mimi. Kuiomba ilikuwa kama kuposa. Ukienda mara ya kwanza unaambiwa usubiri, mara ya pili unaulizwa una nia gani, mara ya tatu unapewa, tena kwa masharti.

Siku za projekta tulitundika shuka juu ya ubao kwa misumari minne, tukaziba madirisha kwa khanga zangu na vitenge ambavyo watoto waliazima kwa mama zao, tukakaa gizani watu themanini na watano, na joto la Kilosa mnalijua. Mafumbo ya kwenye kishikwambi yalitokea shukani makubwa, herufi kama ngumi. Mwisho wa mstari wa tatu daima uliangukia kwenye maua, kwa hiyo watoto walizoea kuuliza, "Mwalimu, hiyo ya kwenye ua ni moja au saba?" Ukipata jibu, kishikwambi kilipiga makofi. Ukikosa, kilitoa alama kubwa nyekundu na sauti ya chura aliyekanyagwa. Wapo waliokosa makusudi ili wamsikie chura. Niliwakaripia, kisha nikacheka nao, kisha nikawakaripia tena kwa kuwa nimecheka. Sijawahi kufundisha kwa raha kama nilivyofundisha katika giza lile, na ni humo humo nilimofanya kosa ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachokifanya.

Kosa lenyewe lilimhusu binti mmoja wa darasa langu. Alikuwa mrefu kuliko wenzake kwa sababu alikuwa anarudia. Mwaka uliotangulia alishindwa ule upimaji wa taifa wa darasa la nne, na kwa utaratibu wetu asiyefaulu haendi la tano. Mama yake alikuwa mshona magunia Dumila, pale njia panda, ambako mazao ya vijiji vyetu hushushwa na kupakiwa kwenye malori ya kwenda mbali. Babu wa mama huyo aliletwa Kilosa kukata katani mashambani, akabaki, na wajukuu wakabaki na kamba ya katani mikononi. Wikiendi na likizo mtoto alikuwa huko huko Dumila anamsaidia mama yake.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa kwanza, mama alimleta mwenyewe, akamsimamisha mbele ya meza yangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

"Mwalimu, huyu anaangushwa na hesabu tu. Kusoma anasoma. Sasa mimi nimeshasema, mwaka huu akianguka tena simrudishi. Nakwenda naye Dumila tukashone wote. Siwezi kila mwaka nashona sare ya darasa la nne."

Mtoto aliangalia vidole vya miguu yake. Alikuwa na miaka kumi na moja. Nilimwambia mama yake, "Niachie mimi." Nilikuwa najiamini siku hizo, maana nilikuwa na kishikwambi.

Mwezi wa tano, mahindi yakiwa yanavunwa, lilitokea fumbo hili kwenye shuka: Mama amevuna madebe 48 ya mahindi. Gunia moja hujazwa kwa madebe 6. Je, atapata magunia mangapi? Picha ilionyesha mama mnene anayecheka, na magunia yamesimama wima kando yake, yamefungwa midomo vizuri, safi, hayana hata vumbi. Nilimwita binti yule aje abonyeze jibu. Alilitazama shuka kwa muda, midomo inacheza, halafu akaja mbele akabonyeza 6.

Chura akalia. Darasa likacheka.

Kila mwalimu wa hesabu anawajua waokota namba. Hawa ni watoto ambao hawalisomi fumbo, wanalichungulia, wakiona namba wanaichukua na kukurudishia kama ilivyo. Kwenye fumbo palikuwa na sita, na yeye kaleta sita. Mimi nilikuwa nimeshamaliza kesi.

"Umeiokota hiyo sita kwenye swali," nikamwambia.

"Hapana, mwalimu. Lile gunia..."

"Gunia limefanya nini? Limekuambia jibu?"

Darasa lilicheka kuliko lilivyomcheka chura, na nakiri kwamba kile kicheko kilinipendeza. Mtoto akarudi kwenye dawati lake. Wakati wa mapumziko nikawasikia wenzake wanamwita Gunia. Niliwakemea kidogo, kwa jinsi mtu anavyokemea jambo analodhani litaisha lenyewe.

Halikuisha. Tangu siku ile binti yule hakunipa tena jibu la fumbo. Nikiandika ubaoni hesabu kavu, kugawanya au kuzidisha, alikuwa anamaliza kabla sijaweka chaki chini, na anapata. Hilo peke yake lilitosha kunishtua, lakini mwenye kiburi hashtuki mapema. Likija fumbo, iwe la machungwa, la mbuzi au la treni, daftari lake lilibaki jeupe. Mtihani wa mwezi wa sita alipata alama zote za hesabu kavu, na kwenye mafumbo akapata sifuri. Nikahesabu miezi iliyobaki kufika upimaji, nikaingiwa na hofu. Niliogopa kwa ajili yake, na niliogopa pia kwa ajili ya lile neno langu la "niachie mimi".

Nikaanza kubaki naye baada ya vipindi, mimi na yeye na kishikwambi. Alikishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na kifua, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Nikamsomea mafumbo mpaka koo likakauka.

"Sijui, mwalimu."

"Hujui au hutaki?"

"Sijui."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, na sikuwa na hakika nimemkasirikia nani.

Walimu wa Kilosa tunalima, anayetegemea chaki peke yake atalala njaa. Mwaka ule kashamba kangu ng'ambo ya mto kalinipa mahindi ya kula na madebe ishirini na manne ya kuuza. Nikayapima mwenyewe kwa debe langu, sita sita, nikafunga magunia manne. Jumamosi moja nikayapandisha kwenye gari la kukodi mpaka Dumila.

Dalali alinipokea kwa heshima zote. Akayazunguka magunia yangu mara moja, akalipapasa moja, akatabasamu.

"Mwalimu wangu, haya ni magunia ya darasani. Sisi hapa tunapakia lumbesa."

Lumbesa nilikuwa nimeziona maisha yangu yote bila kuziangalia. Ni gunia lililojaa mpaka mdomoni, kisha likaungwa kipande kingine juu, likaongezewa madebe mawili, likashonwa likawa na kichwa kama mtu aliyejifunga kilemba. Mnunuzi halipi debe, analipa gunia, na gunia ni lile analolitaka yeye. Nikamweleza dalali kwamba lumbesa ni marufuku, kwamba gunia ni debe sita, kwamba ipo sheria.

"Ipo," akakubali bila ugomvi. "Hata mimi naijua, mwalimu. Lori lile pale ndilo haliijui."

Nilisimama na magunia yangu manne mpaka jua likanipata utosini. Wanunuzi walipita wakanisalimia, na kila mmoja alilitazama gunia langu kama mtu anayetazama mtoto aliyekondeana. Mwishowe nikamwambia dalali afanye anavyojua. Akapiga mluzi, akaita washonaji. Wakaja wawili, mama na binti, kila mmoja na sindano ndefu na kamba begani. Binti alikuwa mwanafunzi wangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," nikajibu, nikitamani angekuja mshonaji mwingine yeyote.

Mama akanisalimia na kuinama kufungua magunia. Binti alibaki amesimama kidogo, akayatazama yote manne. Hakuuliza yana kiasi gani, macho yake yalikuwa yameshapima. Akasema polepole, si kwangu, ni kama mtu anayejiwekea kazi sawa: "Manne ya sita. Yatakuwa matatu."

Nikabaki palepale. Madebe ishirini na manne, gunia la debe nane, magunia matatu. Alilifanya kwa muda mfupi kuliko salamu tulizopeana. Ndipo kichwa changu kikarudi kwenye shuka, kwa yule mama mnene na madebe yake arobaini na manane. Nikagawanya kwa nane. Nikagawanya tena kwa sababu sikutaka kuamini. Sita.

Hakuokota namba. Alisoma fumbo, akamwona mama amevuna, akampelekea mazao Dumila, akayagawanya kwenye gunia pekee ambalo mikono yake imewahi kulishona. Alifanya hivyo kichwani, gizani, mbele ya darasa zima, na akapata. Tunawaimbisha watoto kila siku kwamba kuuliza si ujinga, na mimi nilishindwa hata kumuuliza amepataje. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikachuchumaa karibu yake. "Siku ile ya fumbo la mama na mahindi, uligawanya kwa nane?"

Alipitisha sindano mara tatu kabla ya kunijibu. "Ndiyo, mwalimu. Gunia la debe sita halipakiwi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama anavyosema mtoto aliyefundwa, macho chini, na ndiyo maana liliniingia. Mama yake aliendelea kushona kana kwamba hasikii, lakini mkono wake ulikuwa umepunguza mwendo.

Kishikwambi nilikuwa nacho kwenye mkoba, siku hizo nilikuwa natembea nacho hata msibani. Nikamwomba mama ruhusa nipige video. Nikapiga mikono ikimimina mahindi, nikamrekodi binti akihesabu kwa sauti, debe la sita, la saba, la nane, na kichwa cha lumbesa kikishonwa. Dalali naye akatokea kwenye picha akijiweka kofia vizuri, na hakuna aliyemwita. Kisha nikaondoka. Nilikuja na magunia manne nikauza matatu, na sijawahi kulipa ada ya somo kwa haki kama siku ile.

Jumatatu nikaenda kuomba projekta. Mwalimu mkuu alinitazama usoni akanipa papo hapo, sijui aliona nini. Tukatundika shuka, tukaziba madirisha, na badala ya mama mnene ikatokea Dumila, vumbi na malori na kelele zake. Watoto wakapiga ukelele. Sauti ya mwenzao ilipoanza kuhesabu madebe, wakanyamaza.

Video ilipoisha nikasimama mbele ya shuka, picha ya magunia ikiwa kwenye gauni langu. Nikawaambia kwamba mwezi wa tano nilimcheka mwenzao na kuwafundisha wao kumcheka. Nikawaambia kwamba sita yake aliigawanya, hakuiokota. "Aliyekosea ni mimi," nikasema. Nikamgeukia. "Nisamehe."

Kwetu mwalimu hamwombi mtoto msamaha mbele za watu. Nadhani wengine walidhani ni mtego na fimbo inafuata. Binti alilala kwenye dawati akajifunika uso kwa mkono wa sweta, na jirani yake akamwekea mkono mgongoni. Kufika mchana jina la Gunia lilikuwa limekufa. Sasa walimwita Dalali, na hilo alilikubali.

Lakini ukweli wa Dumila ulikuwa nusu ya kazi. Upimaji haujui Dumila. Wanaoandika mitihani wana gunia lao, na yule ambaye hatalifuata gunia lao atarudia darasa, au atakwenda kushona. Nikawaambia watoto hivyo hivyo bila kuzunguka. Fumbo ni nyumba ya mtu, nikasema, na wewe ni mgeni. Mwenyeji akisema gunia ni debe sita, humo ndani ni debe sita mpaka utoke. Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

Wakalipenda neno hilo kupita kiasi. Kesho yake nikaona darasa zima linasoma fumbo limefumba jicho moja. Wakishaandika jibu, wanafumbua. Nilitaka kuwakataza, kisha nikamwona binti yule amefumba la kushoto, kidole kwenye mstari, anaandika. Alikuwa hajaandika jibu la fumbo tangu mwezi wa tano. Nikaacha wafumbe.

Kisha tukatunga ya kwetu. Kila mmoja alikuja mbele ya kishikwambi akarekodi fumbo, na sharti lilikuwa moja, lazima lianze kwa kusema kwetu mambo yakoje. "Kwetu gunia ni debe nane." "Kwetu mbuzi wanalala zizini pamoja na wa mjomba." "Kwetu treni ikichelewa inachelewa kweli." Binti yule alirekodi kumi na moja. Ninazo hadi leo, na zipo siku hapa Mikumi dada wa runinga akinichosha namzima, nawasikilizisha watoto wa huku sauti za wale wa Mabwerebwere. Wanacheka, wanauliza lumbesa ni nini, na nusu yao wazazi wao wanazibeba kila usiku.

Siku ya upimaji walikuja wasimamizi kutoka shule nyingine. Mmoja alinifuata wakati wa chai akaniuliza kwa sauti ya chini kama watoto wetu wana ugonjwa wa macho, maana wengi wanasoma kwa jicho moja. Nikamwambia ni vumbi la Kilosa. Chai ilinipalia.

Binti alipotoka nilimngoja kwenye ngazi. "Lilikuwepo la magunia?"

"Halikuwepo. Lilikuwepo la mayai, na la kitambaa."

"Umejibu?"

"Nimejibu kama walivyotaka wao, mwalimu."

Alisema bila furaha, na liliniuma. Nilikuwa nimemfundisha kuweka pembeni anachokijua ili apite mlangoni. Nikajifariji kwamba yeye sasa anayo magunia mawili, la wenye mtihani na la kwake, na mimi katika umri wangu wote nilikuwa na moja. Sijui kama faraja hiyo ilikuwa ya haki.

Matokeo yalitoka shule ikiwa bado haijafunguliwa, na barua yangu ya kuhamia Mikumi ilikuwa imeshatangulia. Nikayafungua kwenye kishikwambi uani, mtandao ukivuta miguu. Majina hayatokei haraka pale unapoyataka. Nilipolipata lake nikalifuata kwa kidole hadi kwenye hesabu. C. Kuna nyumba ambako C ya hesabu inanuniwa. Mimi nilivaa viatu nikapanda gari la Dumila. Ningeweza kupiga simu, lakini nilitaka kuwaona.

Niliwakuta kando ya lori, wanashona magunia ya vitunguu, jasho linawatiririka wote wawili. Binti aliniona kwanza akasimama. Shikamoo yake haikutoka yote.

"Amefaulu," nikamwambia mama.

"Na hesabu?"

"Na hesabu."

Mama alinitazama, akamtazama mwanawe, akajifuta uso kwa pindo la khanga, akakaa nalo usoni muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji. Nyuma yetu dalali alikuwa anapiga kelele. "We binti, wahi huku! Lori linaondoka, bado kumi na moja!"

Mtoto akainama haraka kuokota kamba. Mama yake akamshika bega.

"Mwache," akamwambia dalali. "Huyu anakwenda la tano."

"Na haya atashona nani?"

"Mimi."

Binti alisimama kando yangu, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Mama yake akavuta gunia la kwanza kati ya yale kumi na moja, akakaa chini, akaanza kushona.